Bibi wa Kiti cha Mbele

"Sifanyi, Shangazi. Tafuta mtu mwingine."

Bi Tarehe alisema hivyo bila kuinua uso kwenye mitihani aliyokuwa akisahihisha. Lakini kalamu yake nyekundu ilikuwa imesimama katikati ya neno, na Shangazi, aliyeegemea mlangoni, aliiona.

"Nimtafute nani, mwanangu? Mtoa mada akirudi kuzungumza mara ya pili, anayemchambua ni yule yule aliyemchambua mara ya kwanza. Mlijiwekea wenyewe sheria hiyo, mimi nilipiga chapa tu."

"Basi Alhamisi ijayo nitaumwa."

"Leo Jumatano. Huo ugonjwa umeuagiza dukani?"

Bi Tarehe akaweka kalamu chini. "Anakuja kweli?"

"Kathibitisha asubuhi hii. Barua pepe yake ina salamu kwa kila mtu, mpaka mlinzi wa geti la zamani. Na chini kabisa kaandika, 'Mchambuzi awe yule yule, na asinihurumie.'"

"Kaandika hivyo?"

"Nikuchapie uone?"

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa katibu muhtasi wa Idara ya Historia kwa miaka thelathini na ushee, na wakuu wa idara walikuja wakaondoka, yeye akabaki na funguo zote. Na Bi Tarehe naye halikuwa jina lake. Alikuwa profesa wa miaka hamsini na tatu, na jina hilo alipewa na wanafunzi, maana ukithubutu kuandika "hapo zamani" kwenye mtihani wake, anakata alama tatu na kukuandikia pembeni kwa wino mwekundu: Lini?

Huyo mgeni sasa. Huyo alikuwa Redio. Waliposoma pamoja alikuwa akianza kuongea hazimiki, ndiyo maana. Miaka ishirini na sita iliyopita Redio na Bi Tarehe walikuwa wahadhiri wasaidizi, vijana wawili wa mwisho kwa cheo, na kazi ya vijana wa mwisho kwa cheo ilikuwa kuosha vikombe.

Maana Alhamisi za idara ile, jamani, zilikuwa Alhamisi! Saa kumi alasiri mlango wa ukumbi unafunguliwa kwa kila mtu. Wanakuja wanafunzi, wanakuja wastaafu na miwani yao, wauguzi waliotoka zamu, na fundi cherehani mmoja aliyekuwa haulizi swali bali anahutubia. Mtoa mada anasoma kwa dakika arobaini. Mchambuzi anasimama kwa dakika kumi, na hapendelei mtu, hata kama mtoa mada ni baba yake. Kisha maswali, kisha chai ya birika kubwa na biskuti, na watu wanabishana mpaka birika linapoa. Wote wakishaondoka wanabaki wawili kwenye karai la vyombo, mmoja anaosha, mwingine anafuta. Ndipo mapenzi yalipoanzia, kwenye povu la sabuni, wakibishana nani alikuwa na hoja.

Na ukumbi ule ule ndio ulioyavunja.

Siku ile Redio alileta mada juu ya mgomo wa wanawake wa sokoni. Vitabu vyote vilisema wafanyakazi wa reli ndio walioanza kugoma, wanawake wakafuata mkumbo. Redio akasema hapana, wanawake ndio walioanza. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akiuza nafaka sokoni pale. Na bibi mwenyewe alimleta. Alimketisha kiti cha mbele kabisa, amevaa nguo mpya, mkoba mapajani, anatabasamu.

Mchambuzi alikuwa Bi Tarehe. Walikuwa wameshakubaliana kuoana, kilichobaki ni wazee kukutana. Lakini Redio mwenyewe alimwambia, "Ukinionea huruma kule mbele nitakuacha," naye hakumwonea.

"Kumbukumbu ya mzee tunaiheshimu," alisema, "lakini si ushahidi. Hii ni barua ya msimamizi wa soko, analalamika kwamba wanawake wamekataa kufungua vibanda. Muhuri wake ni wa tarehe ishirini na tatu. Wafanyakazi wa reli waligoma tarehe kumi na nne ya mwezi huo huo. Bibi amechanganya."

Bibi akanyoosha mkono, kama alivyoona wengine wakifanya.

"Binti, siku hiyo ulikuwepo?"

"Sikuwepo, Bibi. Lakini barua ilikuwepo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Redio akasimama, akamshika bibi yake mkono, wakatoka nje. Jioni ile hakurudi kuosha vikombe. Mwezi haukuisha akapata nafasi ya kusoma ng'ambo akaenda, na mwaka uliofuata bibi akafariki. Bi Tarehe akabaki na barua yake. Akaiandikia kitabu, kitabu kikampa jina, jina likampa uprofesa, na mpaka leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hamalizi muhula bila kukisoma.

Ijumaa mada ya Redio ilifika kwa barua pepe. Kichwa chake kilikuwa neno moja: "Nilikosea."

Bi Tarehe akasoma mstari wa kwanza: "Miaka ishirini na sita iliyopita, katika ukumbi huu, nilimwamini bibi yangu kuliko barua. Nimerudi kusema kwamba barua ilisema kweli."

Alisimama akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha akaketi, akashika kichwa. Simu ikaita, namba ya nje.

"Haloo?"

"Bado unapokea simu kama unayesimamia mtihani."

Sauti ile ile, imezidi uzito kidogo.

"Redio."

"Ha! Mpaka leo naitwa Redio?"

"Kwani umezimika lini nikubadilishe jina?"

Akacheka, na Bi Tarehe akajikuta anacheka naye, mkono mdomoni kama msichana.

"Fundi cherehani yule yupo?" Redio aliuliza.

"Alifariki. Alhamisi yake ya mwisho alihutubia dakika ishirini, mwenyekiti akamwacha tu."

"Mungu amrehemu. Na karai letu?"

"Lilitoboka. Siku hizi kuna sinki, maji ya moto na kila kitu."

"Mmeharibu idara nyie."

Kisha Bi Tarehe akasema, "Nilisikia habari za mama watoto wako. Pole. Nilikuandikia rambirambi, nikafuta."

"Ahsante. Mwaka wa nne sasa huu. Watoto ni wakubwa, kila mmoja na kwake. Na wewe, mbona hukuolewa?"

"Nani kakwambia sikuolewa?"

"Shangazi."

"Huyo mwanamke ipo siku nitamfunga mdomo kwa gundi ya bahasha!"

Redio alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia, sauti ilikuwa nyingine.

"Umesoma mada yangu?"

"Nimesoma. Redio, kwa nini unajikana hivi?"

"Kwa sababu nilikuacha kwa jambo ambalo wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nimezeeka nalo. Nataka niseme pale pale, mbele za watu wale wale waliobaki. Halafu chai ikiisha nina swali moja la kukuuliza, na si la historia."

Bi Tarehe hakuwa mtoto, swali lenyewe alilijua.

"Redio, subiri nikwambie kitu. Ile barua..."

"Usiniambie! Uchambuzi wako nitausikia Alhamisi. Usinimalizie utamu."

Akakata simu anacheka. Bi Tarehe angeweza kumpigia tena. Simu ilikuwa mkononi na salio lilikuwepo. Hakupiga.

Jumanne alimkuta Shangazi jikoni mwa idara, anapangusa vikombe vya mkutano. Akamwekea mbele karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nini hii? Nisomee, miwani nimeiacha mezani."

"Ni nakala ya daftari la barua zilizotumwa na ofisi ya soko. Msimamizi alituma barua ile tarehe tatu. Tatu, Shangazi! Mvua zilikuwa zimebomoa daraja, barua ikalala njiani siku ishirini. Muhuri niliousoma mimi ulikuwa wa siku ilipopokelewa makao makuu. Tarehe ya kuandikwa ilikuwa kwenye kona iliyoliwa na mchwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kutofautisha siku ya kuandikwa na siku ya kupokelewa. Namfundisha mimi!"

Shangazi aliacha kupangusa. "Kwa hiyo wale wanawake..."

"Walifunga soko siku zaidi ya kumi kabla ya wanaume. Bibi alisema kweli tupu."

"Umejua lini?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Yesu na Maria! Na umekaa kimya?"

"Kitabu kilikuwa kimetoka. Cheo nimeshapewa. Nikasema nitasahihisha toleo la pili. Toleo la pili likaja, nikasema la tatu. Bibi hayupo, Redio yuko mbali, nikajidanganya hakuna anayeumia. Na sasa anakuja kumkana bibi yake hadharani kwa ajili yangu."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi na mimi sijui." Shangazi akaikunja karatasi, akamrudishia mkononi, akamfumba vidole. "Nisikilize. Mwanaume huyo anakuja na swali mdomoni. Ukimwambia haya, swali atalimeza na ndege atapanda kesho yake. Na kitabu chako watakifanya cha kufungia maandazi. Marehemu hatakudai chochote. Chana hiyo karatasi, uvae gauni lako la bluu, uchambue kidogo, unywe chai."

"Shangazi, wewe ndiye unayeniambia hivyo?"

"Ndiyo mimi! Ile Alhamisi aliyoondoka yeye, nilikukuta unaosha vikombe peke yako. Vikombe arobaini, na ulikuwa umevirudia mara mbili. Sitaki kukuona hivyo tena, nimekuwa mzee sasa."

Bi Tarehe alimkumbatia tu, karatasi ikiwa bado ngumini.

Alhamisi mchana ujumbe ukaingia kwenye simu yake:

"Nimefika. Nimepita ukumbini kuchungulia. Viti ni vile vile, vinalia vile vile. Kile cha mbele nimekikalia kidogo."

Akaandika, "Tafadhali usisome mada yako." Akaitazama. Akafuta. Akaandika, "Karibu nyumbani." Akatuma.

Saa kumi ukumbi ulikuwa umefurika, watu kama sitini. Mkuu wa Idara, kijana aliyewahi kukatwa alama tatu na Bi Tarehe, alikuwa amefunga tai na anahangaika na kipaza sauti. Kisha Redio akaingia. Nywele zilikuwa zimemhama, tumbo limemtangulia, miwani imekaa puani. Akamwona Bi Tarehe pale mezani, katika gauni la bluu.

"Umezeeka," alimnong'oneza akiketi.

"Wewe je? Umeanza kujenga baraza hapo mbele."

"Ndiyo maana nilikuwa nakukumbuka."

Mkuu wa Idara akakohoa, wakanyamaza wote wawili kama wanafunzi waliokamatwa.

Redio alisoma vizuri. Alikuwa redio kweli, hakuna aliyegusa simu yake. Alisimulia soko lilivyokuwa, mizani, magunia, wanawake wakiitana kwa majina ya bidhaa zao. Alisimulia alivyokaa jikoni kwa bibi yake akiwa mdogo, akimsikiliza. Wazee wa safu ya pili wakawa wanatikisa vichwa kwa kukumbuka. Kisha akafika ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

"Bibi yangu, Mungu amrehemu, alijua kusimulia. Alijua mno. Nilimpenda, nikauchukua upendo wangu nikauita ushahidi. Lakini alikosea, nami nilikosea kumsikiliza. Mchambuzi wangu alisema kweli, na nilimlipa ukweli wake kwa kumwacha. Nimekuja kumwomba radhi mbele yenu."

Makofi yalilipuka. Wengine walisimama. Mama mmoja mstaafu alikuwa anafuta machozi kwa pembe ya leso, na Shangazi, kule nyuma karibu na birika, alimtumbulia Bi Tarehe macho ya "haya sasa, tulia hapo hapo."

Naye angetulia, Mungu anajua. Ila kwenye kiti cha mbele alikaa msichana wa mwaka wa kwanza, daftari gotini, anaandika haraka haraka. Bi Tarehe alikuwa karibu, aliweza kusoma. Msichana alikuwa ameandika, "Bibi alikosea," na chini yake akapiga mstari mara mbili.

"Namkaribisha mchambuzi," alisema Mkuu wa Idara. "Mwalimu, dakika kumi."

Alisimama, akashika meza.

"Dakika kumi sitazimaliza. Mtoa mada amekosea."

Watu wakacheka kwa furaha. Hayo ndiyo waliyoyafuata. Redio naye akacheka, akachukua kalamu tayari kuandika.

"Amekosea leo," Bi Tarehe akaendelea. "Mara ile ya kwanza hakukosea."

Kicheko kikakatika. Akaikunjua ile karatasi, akaisoma, mstari kwa mstari: daftari la soko, tarehe tatu, daraja lililobomoka, muhuri wa kupokelea. Alisoma mpaka mwisho.

"Wanawake walianza. Bibi aliyekaa pale," akanyoosha mkono kwenye kiti cha mbele, na yule msichana akashtuka, "aliniuliza kama nilikuwepo. Sikuwepo. Yeye alikuwepo. Na mimi nilimjibu kijeuri, mkacheka, nami nikafurahi mlivyocheka."

"Mwalimu," Mkuu wa Idara akajaribu, kijasho kikimtoka, "pengine hili tungelizungumza kwenye kikao cha..."

"Hapana, mwanangu. Nilimwaibisha mbele za watu, nitayasema mbele za watu. Sura ya nne ya kitabu changu ni uongo. Nitaiandika upya. Mkiona sistahili cheo, nivueni."

"Umejua lini?"

Hakuwa mtu wa nyuma aliyeuliza. Alikuwa Redio, kwenye kiti chake, kalamu bado mkononi.

"Redio..."

"Nakuuliza. Umejua lini?"

"Miaka tisa iliyopita."

Ukumbi uliingia ubaridi. Redio akakusanya karatasi zake moja moja, akazipanga, akasimama, akatokea mlango wa pembeni. Kiti chake kililia alipoinuka, na huo ndio mlio pekee uliosikika.

Bi Tarehe alibaki amesimama. Mkuu wa Idara akatamka kitu kuhusu chai. Watu wakainuka kwa minong'ono. Shangazi akaja mbele anaburuta kandambili zake.

"Nilikwambia uchane."

"Uliniambia."

"Kichwa kigumu!" Shangazi alikuwa analia. "Sasa umesimama hapo kama nguzo ya nini? Si umfuate!"

Alimkuta barazani, amegeukia uwanja wa nyasi, jua la jioni usoni.

"Miaka tisa," Redio alisema bila kugeuka. "Siku ngapi hizo? Hesabu wewe, si kazi yako?"

"Nilikuwa mwoga."

"Uliniacha niandike. Nilikupigia simu Ijumaa, ukaniacha! Nimesimama mle ndani nimemwita marehemu mwongo. Mama yangu mdogo angesikia angenivua ukoo!"

"Nilitaka kukwambia. Nikataka na hilo swali lako pia. Nikaona nikisema nitakosa vyote, nikisubiri nitapata angalau kimoja. Nilitamani uniulize, Redio. Hata kama ungekuwa unamuuliza mtu asiyestahili."

"Na mbona umesema? Hakuna aliyejua. Ningekuuliza, ungekubali, yakaisha."

"Kwa sababu nisingeweza kukaa na wewe mezani. Kila ukimtaja bibi yako ningeshindwa kumeza."

Kutoka ndani zilisikika sauti za vikombe na ubishi unaoanza upya, maana watu wa historia wale hata msiba hauwanyamazishi. Redio akaketi kwenye ukuta mfupi wa baraza, akajipapasa magoti.

"Kaa."

Akakaa.

"Na mimi nina langu," Redio alisema. "Nimekaa nalo zaidi ya miaka yako tisa."

"Lipi?"

"Siku ile tulipotoka hapa. Wewe na wote mle mlidhani Bibi aliondoka kwa hasira. Hata sikuwaambia kama sivyo. Mimi ndiye niliyemvuta mkono. Yeye alitaka kubaki anywe chai."

Bi Tarehe alimgeukia. "Unasemaje?"

"Kwenye gari alikuwa anacheka. Anacheka kweli! Akasema, 'Barua ilikuwepo! Umesikia alivyonijibu?' Nikamwambia Bibi, kakuvunjia heshima huyo. Akanikata kauli. Akasema, 'Nyamaza. Binti anayeweza kunikatalia mimi mbele za watu, hatakuficha kitu ndani ya nyumba. Huyo ndiye mkeo. Kesho kanipeleke kwao.'"

Bi Tarehe aliweka mkono mdomoni.

"Sikumpeleka," Redio akaendelea. "Aliniuliza wiki nzima, 'Lini tunakwenda?' Hasira zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyechekwa, nikazivisha hasira zangu nguo za Bibi. Alikufa anadhani wewe ndiye uliyekataa. Nilimwambia hivyo."

"Redio! Ulimwambia nilikataa?"

"Nilimwambia hivyo."

Sasa ilikuwa zamu ya Bi Tarehe kugeukia uwanja. Machozi yalimtoka bila kificho, akayaacha. Miaka ishirini na sita alikuwa amemwona bibi yule kila alipofumba macho, akiinuka kitini amedhalilika. Kumbe bibi alikuwa anacheka. Kumbe alikuwa amemtaka.

"Ulipotamka miaka tisa mle ndani," Redio alisema taratibu, "nikasema kumbe Bibi kweli alikosea. Huyu anaficha. Nikatoka. Nimefika hapa barazani nikajiuliza, nani kambana aseme? Hakuna. Kasema mwenyewe, na alijua atanikosa. Mimi langu ningelizika nalo."

"Kwa hiyo tumemkosea wote wawili."

"Wote wawili."

"Mimi nilimwaibisha, wewe ukamdanganya."

"Andika hivyo kitabuni."

Bi Tarehe akacheka katikati ya machozi, akampiga kofi dogo begani. Redio akaushika ule mkono, hakuuachia.

"Ile nafasi ya kuuliza swali," alisema, "bado ipo, au mwenyekiti ameshafunga?"

"Uliza. Ila lisiwe refu."

"Niache nikuoe tu, tumeshachelewa. Nataka kuzeeka nikibishana na wewe. Utakubali?"

Bi Tarehe alimtazama, upara na tumbo na miwani iliyoteleza. Alimtamani kuliko alipokuwa na miaka ishirini na saba.

"Nakubali," alisema. "Nakubali, Redio. Lakini sitakaa hapa nishikwe mkono wakati kuna msichana mle ndani ana daftari linalosema bibi yako alikosea, amelipigia mstari mara mbili. Umeyasema wewe kwa mdomo wako. Nenda ukayafute."

"Sasa hivi? Watu wanakunywa chai."

"Sasa hivi."

Wakaingia. Watu walipowaona wameshikana mikono minong'ono ikasimama. Shangazi akaangalia mikono ile, akaangalia nyuso zao, akaweka birika chini akajifunika uso kwa upande wa khanga yake. Redio hakupanda jukwaani. Alitembea mpaka kwa yule msichana wa kiti cha mbele, aliyekuwa na kikombe mkono mmoja na biskuti mkono wa pili.

"Binti, samahani, una kalamu?"

"Ninayo, Profesa."

"Fungua ukurasa ule. Kata pale nilipokwambia Bibi alikosea." Kisha akainua sauti, ile sauti yake isiyohitaji kipaza, wakamsikia wote mpaka waliokuwa mlangoni. "Kateni wote mlioandika. Andikeni hivi: alikuwepo, aliona, na alisema kweli. Wanawake ndio walioanza."

Msichana akaweka kikombe chini, akaandika. Bi Tarehe alikuwa amesimama nyuma yake, akamsubiri mpaka akamaliza mstari.